Sindano, Kiraka na Ukili

Katika nyumba nyingi nguo hufa kabla ya siku zake. Shuka ya kujifunikia huanza kuchakaa katikati, mahali mwili unapolala na kugeukageuka usiku kucha. Pande zake mbili bado ni nzima. Kisha usiku mmoja kidole cha mguu cha mtoto hupenya, na kulipokucha pana tundu la kadiri ya sarafu. Baada ya juma moja limekuwa kubwa kama sahani. Ndipo shuka hukatwakatwa kuwa matambara ya kushikia vyungu, na watoto wawili waliokuwa wakijifunika pamoja hubaki na kanga moja ya mama yao, naye mama huihitaji kanga hiyo alfajiri aendapo kisimani. Katika mwezi wa Juni na wa Julai, huko Njombe, au Lushoto, au Limuru, ambako baridi ni kali, jambo hili si dogo.

Walakini shuka ile haikuwa imekufa. Sehemu yake kubwa ilikuwa hai, na mwanafunzi mwenye sindano moja, mkasi na uzi wa pamba angaliweza kuiponya kwa alasiri mbili. Kazi yenyewe ni hii. Shuka hukunjwa kwa urefu wake, ncha kwa ncha, ili ijulikane katikati yake ni wapi. Kisha hukatwa kwa kufuata kunjo hilo toka juu hata chini. Sasa pana vipande viwili, na kila kimoja kina ukingo mzima upande mmoja na ukingo uliochakaa upande wa pili. Vipande hivi hubadilishwa mahali: cha kuume huwekwa kushoto, na cha kushoto huwekwa kuume, hata kingo zile nzima zikutane katikati. Hapo ndipo hushonwa. Zile sehemu zilizochakaa sasa zimehamia pembeni, mahali pasipolaliwa sana. Zilizooza kabisa hukatwa na kutupwa, na zinazosalia hutiwa pindo. Shuka itakuwa nyembamba kuliko kwanza, yapata shibiri moja, lakini katikati yake itakuwa na nguvu kama ilivyotoka dukani.

Watu wengine hukataa kazi hii kwa kuogopa mshono utakaowakwaruza mgongoni. Hofu hii huondoka mshono ukishonwa vema. Ukingo wa nguo uliofumwa kiwandani haufumuki, kwa hiyo hapana haja ya kuukunja. Kingo mbili huwekwa ubavu kwa ubavu, nao uzi hupita juu yake kwa hatua ndogo ndogo, huku na huku, wala hauvutwi sana. Kazi ikiisha mshono hufunguliwa kwa kucha ulale chini, na mtu akiupapasa gizani kwa kiganja, atauona kuwa tambarare.

Yafaa hapa kusema neno juu ya uzi, maana watoto wengi hushindwa kwa sababu yake, wakadhani wameshindwa na sindano. Uzi mrefu hujisokota na kufanya mafundo, tena hulika kwa kupita katika nguo mara nyingi. Urefu uliokadiriwa na washonaji wa kale ni mkono mmoja, yaani toka kiwiko hata ncha ya kidole cha kati, yapata sentimita 45. Mwenye kukata uzi wa pima nzima ili asitunge sindano mara kwa mara atapoteza wakati mwingi katika kufungua mafundo kuliko ule aliotaka kuuokoa. Subana huvaliwa katika kidole cha kati cha mkono ushikao sindano, nayo husukuma tako la sindano. Bila subana, nguo nzito kama marekani itamtoboa mshonaji mwenyewe. Kwanza hupigwa bandi, yaani hatua kubwa kubwa za kushikiza tu, ambazo huondolewa baadaye. Kisha hufuata mshono wenyewe, na kila hatua isizidi nusu ya punje ya mchele. Baada ya kila hatua tano au sita sindano hurudishwa nyuma hatua moja. Kwa njia hiyo, uzi ukikatika mahali pamoja, mshono hautafumuka wote.

Kazi ya kiraka hudharauliwa bure. Mtu mwenye kiraka kilichotiwa vizuri ana heshima kuliko mwenye tundu, tena ana nguo. Lakini kiraka kina sheria zake, na ya kwanza ni kwamba nguo mpya haishonwi juu ya nguo kuukuu kabla ya kufuliwa. Nyuzi za pamba huvutwa sana katika mashine ya kufumia, kisha nguo hutiwa wanga ili ikae kwa ugumu na kupendeza macho ya mnunuzi. Ikiingia majini mara ya kwanza, wanga huyeyuka, nyuzi hulegea na kurudi katika urefu wake wa asili, na nguo yote hujikunyata. Nguo kuukuu imekwisha kujikunyata zamani, haijikunyati tena. Basi kiraka kipya kikifuliwa juu yake, chenyewe hupungua huku nguo haipungui. Huivuta pande zote nne, na kwa kuwa nyuzi za nguo kuukuu ni dhaifu, hupasuka kando ya mshono. Tundu la pili huwa kubwa kuliko la kwanza. Wanawake wa Galilaya walilijua jambo hili vema. Ndiyo sababu Bwana Yesu alipotoa mfano wa kiraka, ulioandikwa katika Injili ya Marko sura ya 2, hakuhitaji kuwaeleza wasikilizaji jinsi nguo inavyoharibika. Kila nyumba ilikuwa imekwisha kuona.

Sheria ya pili ni ya nyuzi. Nguo yoyote iliyofumwa ina nyuzi za namna mbili: mtande, ambao ni nyuzi za urefu zinazotangulia kutandwa, na mshindio, ambao ni nyuzi zinazopitishwa katikati yake kwa upana. Mtande wa kiraka na uelekee upande ule ule unaoelekea mtande wa nguo. Kikiwekwa mshazari, nguo itavutika upande mmoja kila ifuliwapo, na kiraka kitafanya tumbo.

Basi kitambaa kilichokwisha kufuliwa na kukaushwa hukatwa cha mraba, kikubwa kuliko tundu kwa vidole viwili kila upande. Kingo zake hukunjwa ndani kwa upana wa nusu ya kidole. Huwekwa chini ya tundu, upande wa ndani wa nguo, hupigwa bandi, kisha hushonwa kuzunguka. Baadaye nguo hugeuzwa. Juu, kingo za tundu lenyewe hukatwa ziwe za mraba pia, na pembe zake nne hupasuliwa kidogo kwa ncha ya mkasi ili zikunjike. Hukunjwa ndani, nazo hushonwa juu ya kiraka. Kwa hiyo kiraka huzungukwa na mishono miwili, mmoja ndani na mmoja nje, wala hapana uzi unaoning'inia wa kunaswa na kidole cha mguu. Kama nguo ina maua au mistari, mshonaji mwenye subira hutafuta kitambaa kinacholingana, akakisogeza hata mstari wa kiraka uungane na mstari wa nguo. Mtu akiitazama toka mbali hatakiona.

Hiyo nguo iitwayo marekani ina habari yake. Ilipata jina kwa nchi ilikotoka. Meli za Marekani, nyingi zao za bandari ya Salem katika Massachusetts, zilianza kufika Unguja katika miaka ya 1820, na mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mapatano ya biashara na serikali ya nchi hiyo. Meli zilileta nguo ya pamba isiyotiwa rangi, nzito na ngumu, nazo zilichukua pembe za ndovu, karafuu, ngozi na sandarusi. Nguo hiyo ilipendwa sana hata ikachukuliwa na misafara mpaka ziwa la Tanganyika, na katika njia za bara ilitumika badala ya fedha: mpagazi alilipwa kwa mikono ya nguo, na chakula kilinunuliwa kwa mikono ya nguo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, nguo hiyo ikaadimika, na nguo za Uingereza na za Bara Hindi zikashika mahali pake. Vita viliisha mwaka 1865, lakini biashara ile haikurudi kama ilivyokuwa. Jina lilibaki: nguo ya namna ile iliendelea kuitwa marekani hata ilipofumwa Bombay.

Kanga nayo, kama inavyosimuliwa pwani, ilizaliwa kwa sindano. Katika karne ya 19 palikuwa na vitambaa vya mraba vilivyoitwa leso, neno lililotokana na lugha ya Kireno, navyo viliuzwa vikiwa vimefuatana katika jora moja, kila kimoja kikitazamiwa kukatwa peke yake. Wanawake wa Unguja na wa Mombasa hawakuvikata kimoja kimoja. Walikata vitatu vilivyoungana, wakakata vitatu vingine, wakaviunga kwa mshono mmoja wa urefu, wakapata vazi lenye miraba sita. Wenye maduka walipoona namna wanawake walivyofanya, wakaagiza vazi zima lifanywe tayari, na baadaye maneno yakaandikwa juu yake. Mpaka leo wengine huiita kanga kwa jina lile la leso.

Katika Mbweni, kisiwani Unguja, misheni ya UMCA ilikuwa na shule ya wasichana tangu miaka ya 1870. Wengi wa wanafunzi wake wa kwanza walikuwa mabinti waliotolewa katika majahazi ya watumwa, wasio na baba wala mama wala ukoo wa kuwatafutia riziki. Kushona lilikuwa mojawapo ya masomo yao. Kwa msichana wa namna hiyo sindano haikuwa mchezo wa mikono. Alipotoka shuleni, kazi aliyojifunza ilikuwa karibu na mali yake yote.

Nguo hutoka dukani, lakini mkeka hutoka porini, na asiye na senti moja anaweza kuuanza. Miti miwili ndiyo itumikayo zaidi. Mkindu huota mahali penye maji, kandokando ya mito na mabonde, na majani yake, yaitwayo ukindu, hufanya mikeka mizuri ya kulalia. Mkoma huota mahali pakavu zaidi, na majani yake, yaitwayo miyaa, ni mapana na magumu. Hufaa kwa majamvi, vikapu na mifuko. Kwa mkeka mzuri huchukuliwa majani machanga, yale ambayo bado yamefungana katikati kama mkuki, kabla hayajafunguka. Mchumaji na aangalie mambo mawili. Majani ya chini ya mkindu yamegeuka kuwa miiba mirefu, nayo huchoma vibaya. Tena, asichukue kila jani changa la shina moja. Shina likinyang'anywa majani yake machanga kila mara hudhoofika, na wachumaji wenye pupa hujikuta wakienda mbali zaidi mwaka hata mwaka.

Majani hutenganishwa na kuanikwa juani siku kadhaa, na usiku huingizwa ndani yasipate umande. Rangi ya kijani hutoweka polepole, hata yawe meupe. Hapa ndipo mikeka mingi huharibika kabla ya kuanzwa, kwa maana mwenye haraka husuka majani yasiyokauka sawasawa. Jani bichi lina maji ndani yake. Likikauka baada ya kusukwa hupungua upana, na ukili uliokuwa umebana huwa na nafasi katikati kama chekecheke. Tena majani yaliyofungwa yakiwa na unyevu huota ukungu na kufanya madoa meusi. Anayetaka rangi huchemsha majani makavu pamoja na rangi katika sufuria. Mizizi ya mdaa hutoa rangi nyeusi, na manjano ya jikoni hutoa rangi ya njano, ingawa hii hufifia upesi kwa jua. Siku hizi rangi nyingi hununuliwa dukani, za unga.

Kabla ya kusuka, majani huchanwa kwa ukucha au kwa ncha ya kisu yawe na upana mmoja, nayo hurashiwa maji kidogo ili yasivunjike yakikunjwa. Ukili ni ule utepe mrefu unaosukwa kwanza, ambao baadaye hushonwa kuwa mkeka. Anayeanza na achukue majani matano tu. Huyafunga pamoja vichwani, akayatandaza kama vidole vya mkono. Jani la mwisho la kushoto hulipitisha juu ya jirani yake, kisha chini ya lile linalofuata, likafika katikati. Halafu jani la mwisho la kuume hulipitisha juu ya jirani yake, na chini ya lile lililopo katikati. Hurudi kushoto, kisha kuume, vivyo hivyo bila kubadili. Kila jani linapogeuka ukingoni na likunjwe kabisa, wala lisipindwe tu, na kila baada ya mapito machache ukili uvutwe na kubanwa. Jani linapokaribia kuisha, jipya huwekwa juu yake na kusukwa pamoja nalo mapito mawili au matatu; ncha zinazobaki nje hukatwa mwishoni. Mkono ukizoea majani matano, hufuata saba, halafu tisa, na hata zaidi, na wasukaji hodari wa Pemba na wa Lamu hutia rangi mbili au tatu pasipo kutazama, huku wakizungumza habari za mjini.

Ni vizuri kukadiria kazi kabla ya kuianza. Mkeka wa mtu mmoja wenye urefu wa pima moja, yaani mikono minne, na upana wa mikono miwili, utahitaji ukili kiasi gani? Kama ukili una upana wa vidole vinne, yapata sentimita 7 na nusu, basi upana wa mikono miwili, ambao ni sentimita 90, utajazwa na vipande 12. Kila kipande kina urefu wa pima moja. Kwa hiyo zitatakiwa pima 12, nazo ni mikono 48, na mwenye busara huongeza pima moja au mbili, kwa maana kingo hupandana kidogo katika kushona. Mtoto anayesuka mikono miwili kila siku baada ya shule atakuwa na ukili wa kutosha kabla ya mwezi kuisha.

Kushona mkeka hutumika shazia, sindano kubwa ya magunia, na uzi wa katani, au ukindu mwembamba uliosokotwa. Vipande huwekwa ubavu kwa ubavu, na shazia hupita ndani ya makunjo ya kingo mbili, hata uzi usionekane juu. Mwisho pande zote nne hutiwa pindo la ukili mwembamba, lile la majani matano alilojifunzia mtoto siku ya kwanza.

Mkeka huo hautandikwi juu ya udongo mtupu ukaachwa hapo. Sakafu ya udongo hutoa unyevu usiku, na katika nyufa zake hujificha papasi, ambao kwa kuuma kwao huleta homa iitwayo homa ya papasi. Kila asubuhi mkeka hukung'utwa nje na kuanikwa juani, na nyufa za sakafu huzibwa kwa udongo mpya. Penye kitanda cha kamba, mkeka hutandikwa juu yake, na kitanda husogezwa mbali na ukuta.

Mabaki hayatupwi. Ukili wa pima moja hivi, ukizungushwa kama konokono na kushonwa, hufanya kawa ya kufunikia chakula nzi wasitue. Vipande vitatu vya ukili wa miyaa, kila kimoja cha mikono miwili, vikishonwa ubavu kwa ubavu, kisha vikakunjwa katikati na kushonwa pande mbili, hufanya mfuko wa kuchukulia vitabu. Mpini wake husukwa kwa majani matatu na kushonwa mpaka chini ya mfuko, si mdomoni tu, kwa sababu uzito wa vitabu hukaa chini, na mpini ulioshonwa mdomoni hung'oka katika juma la kwanza. Majani mafupi kabisa, yasiyofika shibiri mbili, hufaa kwa kipepeo cha kupulizia moto, nacho chaweza kumalizika jioni moja wakati maharagwe yanapochemka.